Maji ya Jumapili

Zamani mtu wa Mlunga akisema atarudi Jumapili, ugali wake ulifunikwa na akaukuta bado una moto. Siku hizi mtu anakupigia simu kwamba yuko njiani, kumbe bado amejifunika shuka gubigubi.

Hayo yalikuwa maneno ya Mzee Melkizedek Chilongola, na mtaani kwao Mikumi hapakuwa na mtu ambaye hakuwahi kuyasikia. Alimwambia fundi aliyeahidi kuja kuziba bati. Alimwambia mchungaji aliyechelewa ibada. Aliyasema ameketi kibarazani kwa binti yake Ida, malori ya Tunduma yakipita barabarani moja baada ya jingine na kutikisa vikombe kabatini. Wapangaji wa Ida wakimsikia anaanza, "Zamani mtu wa Mlunga," walimalizia wao kwa kuimba, naye akawakata jicho.

Alikuwa na miaka sabini na mitano, mrefu, mkavu, mikono imejaa makovu ya miiba. Shule aliiacha darasa la nne. Mengine yote alijisomea mwenyewe, kwenye pakiti za mbegu, kwenye magazeti yaliyofungia samaki, na kwenye kamusi moja isiyo na jalada iliyoanzia herufi D, ndiyo maana alipenda kusema kuwa maneno ya A, B na CH aliyapata mtaani. Miaka thelathini alitunza bustani ya hoteli moja ya wageni karibu na hifadhi. Kazi ile ilimlisha na kumsomeshea watoto, lakini hakuiheshimu hata siku moja. Bustani gani, aliuliza, isiyo na limau wala mchicha, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruta, na mezani wameweka maua ya plastiki?

Mtu akimuuliza bustani nzuri ikoje, aligeuka akaanza kulaumu malori. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake.

Mlunga ni kijiji cha milimani, juu ya Kidete, upande wa kwenda Lumuma. Miaka mingi kabla ya Melkizedek kuzaliwa, mabruda wa Kizungu walijenga huko monasteri ya mawe: ua wa mraba uliozungukwa na matao, kanisa lenye mnara wa kengele, na mbele yake bustani iliyoshuka mlima kwa ngazi saba, kila ngazi na ukuta wake wa mawe. Ngazi za juu zilikuwa za mawaridi na mikomamanga, za kati za milimau na mipichi, za chini za mboga. Bruda Anselmi, msimamizi wa bustani, alikuwa na picha ya nyumba ya shirika lao huko Ulaya, ambayo ndiyo waliyoiiga. Ilikuwa gofu la miaka mia nane, halina paa, na watu wamevaa kofia wanatembea ndani yake.

"Wanatafuta nini humo?" Melkizedek aliuliza, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano aliyeajiriwa kumwagilia.

"Wanalipa kiingilio waingie kutazama," alisema Bruda Anselmi.

Melkizedek alicheka mpaka akaangusha ndoo. Watu kulipia nyumba iliyobomoka!

Maji ya bustani ile yalitoka kwenye mfereji wa kijiji. Mfereji ulikuwa mmoja na siku ni saba. Siku sita ziligawiwa koo sita za Mlunga, kila ukoo na zamu yake. Ilibaki Jumapili. Watu wa milima ile walikuwa Waanglikana wa kweli, hakuna aliyeshika jembe siku ya Bwana. Ndipo mabruda wakaiomba. Mtu alivuta ubao wa lango Jumamosi kabla jua halijazama, maji yakatembea yenyewe bustanini Jumapili nzima, na Jumatatu alfajiri ubao ukarudishwa. Hakuna aliyefanya kazi, na hakuna aliyetenda dhambi. Wakatoliki walipata bustani, Waanglikana walipata malimau ya bure, na Mlunga ilikaa hivyo kwa amani.

Zamu hizo hazikuandikwa popote. Kila mwezi wa sita kijiji kizima kilitoka kuzibua mfereji, na kazi ikiisha msimamizi wa mfereji alisimama kwenye banio, pale maji yanapoingilia, akaita siku moja moja na jina la mwenye nayo. Aliyeitwa aliitika, "Nipo!" Asiyeitika, zamu ilimtoka. Na zamu haikurithiwa kimyakimya wala kuuzwa. Mtu alimpa mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wote, palepale kwenye banio.

Mwaka 1978 walibaki mabruda wawili, wazee, na shirika likawaita kwao. Kabla ya kuondoka, Bruda Anselmi alipanda kwa fimbo mpaka kwenye banio na kusema mbele ya watu, "Jumapili nampa Melkizedek." Akamgeukia. "Bustani haitaki mengi. Usiache Jumapili ipite."

Melkizedek aliitika, "Nipo!" Alikuwa na miaka ishirini na minane, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde.

Miezi miwili baadaye alisikia kwamba Mikumi kuna hoteli inatafuta mtunza bustani kwa mshahara wa kila mwezi. Jumamosi asubuhi alishuka mlima na sanduku la bati kichwani. Njiani alikutana na Rebeka, binti wa mjomba wake, mtani wake wa kuzaliwa, anatoka kuchota maji.

"Binamu, leo jioni nifungulie ubao," alimwambia. "Nitarudi Jumapili."

Rebeka alisema sawa. Melkizedek akapanda treni Kidete, na hakurudi.

Mwaka wa kwanza ilikuwa kazi. Mwaka wa pili ilikuwa aibu ya mwaka wa kwanza. Baadaye mama yake akahamia kwa dada yake Berega, akazikwa hukohuko, na sababu ya kupanda Mlunga ikaisha. Alisikia kwa wapita njia kwamba bati za kanisa zimeezuliwa, milango imebebwa, kengele haijulikani ilipo. Habari za bustani hakuuliza. Aliijua bustani ile kuliko kiganja chake. Alijua kwamba kiangazi kimoja tu bila maji kilitosha. Kwa hiyo, kila alipowaona vijana wakidanganya kwenye simu, hasira iliyomtoka ilikuwa ya zamani na haikuwa yao. Aliamini moyoni kwamba ndiye aliyeiua.

Basi mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi wa sita, mjukuu wake Happiness alirudi kutoka safari. Happiness ana miaka ishirini na sita, anaongoza wageni hifadhini, na wakati wote kofia iko kisogoni. Aliingia, akavua viatu vyenye udongo mwekundu, akapiga goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Udongo huo si wa hapa."

"Babu, wewe ndiye Melkizedek wa Jumapili?"

Mzee aliweka kikombe chini polepole.

Happiness akaeleza. Wageni wengine wakishaona simba siku mbili wanauliza kama kuna kingine, kwa hiyo yeye na wenzake walikwenda Kidete kutafuta mahali pa kuwapeleka. Wakaambiwa kuna magofu Mlunga. Alipofika akajitambulisha kwamba babu yake alifanya kazi pale zamani, anaitwa Melkizedek. Watu wakaangua kicheko.

"Kumbe babu wewe ni maarufu! Mtu akichelewa kule wanamwambia, 'Yuko njiani kama Melkizedek.' Hata watoto wadogo wanasema."

Kibarazani wapangaji wawili walikuwa wanafua. Mmoja aliinamisha uso kwenye beseni, mabega yakimtikisika.

"Endelea," alisema mzee.

"Wiki ijayo, Jumamosi, wanazibua mfereji. Mwenyekiti wa kamati, kijana mmoja anaitwa Gabrieli, mkulima wa vitunguu, kasema mwaka huu ni mwisho. Kila mwaka likiitwa jina lako, kuna bibi anaitika kwa niaba yako, 'Yuko njiani.' Sasa wamekataa. Usipoitika kwa kinywa chako, Jumapili inagawiwa mashamba ya vitunguu."

"Bibi gani?"

"Bibi Rebeka. Mimi bustanini sikuingia, babu. Alinizuia mlangoni. Kasema hafungulii mtu mpaka mwenyewe aje."

Mzee alitazama malori. Matatu yakapita. Alifikiri: gofu nimeshalijua, kaburi la miti nimeshaliota. Kilichobaki ni kuitwa jina mbele ya watu na kuchekwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomchoma zaidi. Kuna mtu alisema uongo kwa ajili yake miaka arobaini na saba, kila mwezi wa sita, mbele ya kijiji kizima, naye mzee hakuwahi kumtumia hata salamu.

"Ida!" aliita. "Nitafutie viatu vyangu vya kanisani."

Waliondoka Ijumaa, yeye na Happiness. Kilosa mjini treni ya umeme iliwapita juu ya daraja lake, kimya kama paka, na mzee akasema treni isiyopiga kelele itamjulishaje mtu kwamba anaondoka. Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Kidete alibanwa kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye spika ya redio miguuni, akalaumu njia nzima: barabara, muziki, bei ya maji ya chupa, mto Mkondoa ambao alidai zamani ulikuwa mpana zaidi. Happiness alimwacha alaumu. Alijua kwamba babu akinyamaza ndipo pa kuogopa.

Jumamosi asubuhi, walipoanza kupanda mlima kwa bodaboda, alinyamaza.

Aliuona mnara kwanza. Nusu yake ilikuwa imeanguka, na mtini wa porini umepenya dirisha la kengele na kushusha mizizi ukutani kama vidole. Kanisa halikuwa na paa. Ndani mbuzi wanne walikuwa wamelala mahali pa madhabahu. Ule ua wa matao ulibaki na matao sita tu kati ya ishirini na manne, na mawe ya mengine yalionekana kijijini, kwenye misingi ya nyumba za watu, yamechongwa vizuri kuliko nyumba zenyewe. Happiness alipiga picha. Mzee alilipita kanisa bila kusimama.

Kwenye mlango wa bustani, juu ya jiwe, alikaa mama wa miaka kama sitini na saba, kanga mbili, jembe magotini, goti moja limefungwa kitambaa. Alimtazama mzee akija, akamtazama toka viatu mpaka kofia.

"Umechelewa," alisema.

"Rebeka."

"Ulisema Jumapili. Kosa langu, sikuuliza ipi."

"Shikamoo bibi," alisema Happiness haraka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe nakupokea." Akamgeukia tena mzee. "Huyu yeye ni mkubwa kwangu, ningepaswa kumwamkia. Leo simpi. Shikamoo yake nimeiweka, akiistahili atapewa."

"Umezeeka vibaya, binamu," alisema mzee.

"Na wewe umekauka kama muhogo wa njaa. Mikumi wanakulisha nini, vumbi la malori?" Akainuka kwa kujisukuma na jembe. "Haya, ingia kwako."

Akasukuma mlango wa mabanzi.

Mzee Melkizedek alikuwa amejiandaa kuona vichaka. Alikuwa amejiandaa kwa visiki na majivu ya mkaa. Alichokiona kwanza kilikuwa rangi nyekundu. Mawaridi yalikuwa yameuparamia ukuta wa ngazi ya kwanza, yakauvuka, yakashukia upande wa pili, mashina yake manene kama mkono wa mtu. Mikomamanga mitatu ilisimama, mmoja umeinama na kuwekewa gongo la kuuegemeza. Chini yake milimau, mizee, magome yamepasuka, imebeba. Ngazi zote saba zilikuwapo. Ya sita na ya saba zilijaa maharage na mchicha, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Na kila mahali, pembeni mwa kila ukuta, palikuwa na ule mfereji mwembamba wa mawe, unyevu bado uko ndani yake tangu Jumapili iliyopita.

Mzee alisogea ukutani, akashika shina moja la waridi. Happiness alishusha simu, hakupiga picha.

"Nani amepogoa haya mawaridi?" aliuliza.

"Mimi."

"Umeyapogoa vibaya."

"Ungepogoa wewe!" Rebeka alicheka mpaka akashika goti lake. "Mwanangu, umemsikia babu yako? Hana hata soni."

Wakakaa kwenye ukuta wa ngazi ya pili, Rebeka akasimulia. Jumamosi ile ya kwanza alifungua ubao kama alivyoombwa. Jumapili Melkizedek hakutokea. Jumamosi ya pili akajiuliza, nikiacha na yeye akirudi kesho akakuta pamekauka, nitamwambia nini? Akafungua. Ya tatu akafungua kwa hasira. Akaolewa, mume akamuuliza unakwenda wapi kila Jumamosi, akajibu namfungulia Melki maji, na ndoa ikayumba mwezi mzima mpaka mume alipomfuata na kuona kweli ni maji. Baadaye mume huyo ndiye aliyefungua siku alizojifungua. Sasa, tangu goti lilipoharibika, anafungua mwanawe Yared.

"Ulifikiri nitarudi?"

"Miaka mitano, ndiyo. Halafu nikajua hurudi. Lakini nilikuwa nimeshazoea, na limau nilikuwa nakula mimi." Akashusha sauti. "Tena kuna kitu nilikuja kukiona ambacho wewe na Bruda wako hamkuniambia. Mwaka wa mafuriko, ubao ulichukuliwa na maji. Miezi mitatu hatukuweza kufungulia huku. Unajua ile chemchemi ya chini ya shule tunayochota?"

"Naijua."

"Ilibaki kama mkojo wa mtoto. Tuliporudisha Jumapili, wiki ya nne ikajaa. Haya maji yanazama kwenye ngazi hizi, Melki, yanatokea kule chini. Akina mama tunajua. Wanaume wa kamati nimewaambia, wananiambia bibi unapenda maua."

Mzee alitazama ngazi zikishuka. Miaka kumi na mitatu alizimwagilia na hakujua. Alimkumbuka Bruda Anselmi akipima kila ukuta kwa kamba, akisema ngazi lazima iinamie mlima, isiinamie bonde. Yeye alidhani ni Uzungu tu.

"Basi kwa nini usiiombe Jumapili iwe yako?"

"Angenipa nani?" alisema Rebeka, akimkazia macho. "Mwenye nayo alikuwa njiani."

Saa saba mchana watu walikuwa wamekusanyika kwenye banio, matope mpaka magotini, machepe yamesimamishwa. Gabrieli, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye buti za mpira, alipanda kwenye jiwe. Hakuwa mtu mbaya. Vitunguu vyake viliungua mwaka jana, na alikuwa na watoto watatu shuleni.

Aliita Jumatatu, ukoo ukaitika. Aliita Jumanne. Alipofika Jumamosi watu walishaanza kutabasamu.

"Jumapili! Melkizedek!"

Kutoka nyuma kijana mmoja akadakia, "Yuko njiani!" na kicheko kikapita mfereji mzima.

"Nipo," alisema mzee.

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Watu waligeuka. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipoondoka. Kwao Melkizedek alikuwa msemo, na sasa msemo umevaa viatu vya kanisani na unasogea mbele kwa fimbo.

Hapo alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Alikuwa ameshaitika. Angeweza kushuka na Jumapili yake, heshima yake mfukoni, na Happiness angeleta wageni wake. Alimwona mjukuu wake amesimama kando ya Rebeka, amekunja mikono, anamngoja. Akavua kofia.

"Mimi sikuwa njiani," alisema. "Nisikieni vizuri. Nilikuwa Mikumi. Nauli nilikuwa nayo, miguu nilikuwa nayo. Niliondoka kwa mshahara, nikabaki kwa aibu. Aliyekuwa njiani ni huyu." Akamnyooshea fimbo Rebeka. "Kila Jumamosi, kutoka kwake mpaka kwenye ubao. Mimi kwetu naitwa mzee wa kulaumu, nalaumu kila kitu cha siku hizi, kwamba watu hawashiki maneno tena. Kumbe asiyeshika ni mimi. Kwa kinywa changu, mbele yenu: Jumapili nampa Rebeka."

Gabrieli akasafisha koo.

"Mzee, tunakuheshimu. Lakini siku nzima ya maji kwa maua, wakati vitunguu..."

"Gabrieli!" Ilikuwa sauti ya mkewe, Siwema, kutoka kwa akina mama. "Chemchemi ikikauka ndoo utabeba wewe kutoka mtoni? Maana mimi si punda!"

Akina mama wakapiga vigelegele na makofi. Mzee mmoja akasema kwamba aliyepewa kwa kinywa kwenye banio amepewa, kamati haiko juu ya banio. Gabrieli alikuna kidevu, akatazama matope kwenye buti zake, akacheka mwenyewe.

"Jumapili!" aliita upya. "Rebeka!"

"Nipo!" alisema Rebeka, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde.

Gabrieli aliposhuka kwenye jiwe alimsogelea akamwomba ngazi ya tano, iliyokaa bure, aoteshe miche ya vitunguu. Rebeka akamwambia watazungumza, aje na mbolea ya mbuzi kwanza.

Jioni walikwenda kwenye ubao: Rebeka, Yared, Happiness na mzee. Mzee alinyoosha mkono kuuvuta. Rebeka akamchapa kidole.

"Si zamu yako."

Akauvuta Yared. Maji yalisita kidogo, yakanusa mlango kama mbwa anayerudi nyumbani, kisha yakaingia.

Kesho yake walisali asubuhi, halafu mzee akataka kisu cha kupogolea. Rebeka akamuuliza kama Mikumi Jumapili imefutwa. Basi akakaa kwenye ukuta na fimbo yake, akamwonyesha Happiness shina kwa shina: hapa ukate, hapa uache jicho linalotazama nje, tawi hili zee liondoe bila huruma. Jumatatu, ubao uliporudishwa, wakakata kweli. Siku tatu alipogoa, akilaumu kila tawi, na Rebeka akimjibu kila lawama, mpaka watoto wa shule wakawa wanapitia pale kuwasikiliza.

Sasa ni miezi minne. Goti la Rebeka na mgongo wa mzee vimekubaliana kwamba safari hazipo tena. Barabara ya mlimani nayo haina huruma kwa wazee. Happiness hupanda kila mwezi na wageni watatu, wanne, anawatembeza kwenye matao, halafu anawashusha ngazi saba mpaka kwenye chemchemi. Bibi Rebeka huwauzia malimau na kuwakemea wakichuma maua. Na kila Jumamosi jua likielekea kuzama, simu ya mzee inalia pale kibarazani. Ni Yared. Hasemi kitu, anainamisha tu simu kwenye lango. Mzee anaiweka sikioni, anawanyamazisha wapangaji kwa mkono, anasikiliza maji mpaka salio linakwisha. Siku hizo hasemi habari za zamani.

Lakini kwa macho aliwaona Rebeka na Happiness pamoja bustanini kwa mara ya mwisho Alhamisi ile asubuhi aliyoondoka, ameketi nyuma ya bodaboda na mfuko wa malimau mapajani. Happiness alikuwa anabaki siku mbili zaidi. Alisimama ngazi ya kwanza, ameshika kisu, Rebeka kando yake anamwonyesha kitu kwa jembe, na walikuwa wanabishana. Dereva alipowasha pikipiki, Rebeka aligeuka, akaweka mikono mdomoni.

"Melki! Shikamoo!"

"Marahaba!" alipiga kelele mzee, akiwa amepinda shingo nyuma, na akaendelea kuwatazama, kanga ile na kofia ile ya kisogoni kati ya mawaridi yaliyopogolewa, mpaka kona ya mnara ilipowaficha.